Kwanza kabisa, boksa nilikuwa nayo

Najua mmeshaisoma kwa yule bwana anayejiita mshikaji wangu. Kaitupia kwenye grupu la mtaa hata sijamaliza kujikuna, eti nilikimbia uchi kwenye mahindi mbele ya watoto wa dada yangu. Wadau, uongo huo. Boksa nilikuwa nayo, na soksi ya mguu wa kushoto. Halafu hayakuwa mahindi, ilikuwa migomba. Sasa tulieni niwape yenyewe, naandika kwa kidole kimoja maana vingine viko kazini.

Dada yangu kaolewa Morogoro, kule ukishuka daladala ya mwisho bado unapanda na bodaboda kidogo, milima ya Uluguru iko hapo mbele yako. Likizo hii ya mwezi wa 6 akawa analalamika watoto wanaangalia katuni tangu asubuhi mpaka umeme ukatike. Mimi si nimeangalia video zangu tatu za wazungu wanapeleka watoto msituni, wanaokota majani na vijiti, wakirudi nyumbani wanabandika wanapata bundi na nungunungu sijui nini, nikajiona mtaalamu. Nimekulia Tandika mimi, mti niliowahi kuujua vizuri ni mwarobaini wa kijiweni. Lakini nikanunua manila, gundi na mkasi, nikambeba na mshikaji, tukapanda SGR hao.

Asubuhi tukatoka na watoto wanne, wawili wa dada na wawili wa jirani, mdogo kabisa ana miaka 5. Huyo tumwite Mwalimu, mtaelewa mbele ya safari. Mwanzo ulikuwa mtamu jamani, nisiseme uongo. Tuliokota yale maganda marefu ya mkrismasi yaliyokauka, ukiyatikisa mbegu zinalia ndani kama kayamba, kila mtoto akabeba lake. Tukafika kwenye mitiki, Mwalimu akachuma jani changa, akalifikicha kiganjani, kiganja chote kikawa chekundu kama kachinja kuku. Akaniangalia. Nikamwambia safi sana, kama vile nilikuwa najua.

Ndipo nikauona sasa ule mmea. Umetambaa juu ya kichaka, majani yameanza kukauka, na vitumba vyake vinaning'inia vichala vichala, urefu wa kidole, vimejipinda kama herufi S, vimevaa manyoya ya rangi ya dhahabu yanang'aa na jua kama mahameli. Mimi palepale nikaona simba. Simba wa manila, na hayo ndo manyoya ya shingoni.

"Mjomba, upupu huo."

Miaka 5 huyo, kaweka mikono nyuma.

Nikamwambia hapana mwanangu, haya ni maharage ya porini. (Na kwa taarifa yenu upupu kweli ni ukoo wa maharage, nimesoma usiku uleule saa tisa nikiwa sina usingizi, kwahiyo kitaalamu sikukosea.)

"Bibi kasema tusiushike."

Na mimi kwa mdomo wangu huu huu nikasema, "Bibi mzee yule, anaogopa kila kitu." Likumbukeni hilo neno.

Sikushika kwa mkono. Si kwamba niliogopa, nilitaka manyoya yasichubuke, kwahiyo nikachukua taulo dogo la mshikaji, lile la bluu analoendea nalo mpirani, nikavishikia kwa hilo, nikachuma kama kumi na mbili, nikavikung'utia kwenye mfuko wa rambo taratiibu. Sawa. Baada ya hapo njia ikaanza kupanda, jua kali, jasho linanitoka. Na mkononi nina nini? Taulo. Nikajifuta shingo. Nikafungua vifungo viwili nikajifuta kifua. Nikapitisha kwapani, huku na huku. Halafu, wadau, nikalikunja vizuri nikalichomeka nyuma kwenye kiuno cha suruali, kwa ndani, lisidondoke.

Zikapita kama hatua ishirini.

Nikahisi sisimizi shingoni. Nikampiga. Wakawa wawili. Nikapiga tena, na pale nilipopiga ndo pakawaka, kama mtu kanibandika pilipili halafu anaisugua na msasa. Nikajikuna. Kosa. Nikajikuna kifua, kosa la pili, maana vidole sasa vimebeba na vyenyewe. Kwapa la kulia likaitika, la kushoto likasema na mimi nipo. Nikavua shati nikalikung'uta kwa nguvu zangu zote, upepo ukalichukua vumbi lake la dhahabu ukanirudishia mgongoni, nililiona kabisa linakuja, linang'aa, zuri. Mshikaji kakaa kwenye jiwe anatafuna muwa, ananiuliza, "Vipi, umeshukiwa?"

Halafu kiunoni. Hapo nyuma. Nikalikumbuka taulo.

Sitaki kueleza sana, kuna wakwe humu. Ila kuna muwasho mtu unaweza ukajizuia na kuna muwasho unaamua wenyewe suruali itoke. Ilitoka na kiatu kimoja, na soksi yake. Nikasikia maji chini bondeni, nikaingia kwenye migomba mbio. Watoto wakajua ni mchezo, wakanifuata na yale maganda ya mkrismasi wanayatikisa, cheke cheke cheke, na kelele za shangwe, yaani nilikuwa nakufa na ngoma inapigwa. Aliyekuwa hakimbii ni Mwalimu peke yake. Huyo alikuwa anatembea, anasema, "Si nilisema."

Nikatumbukia kijitoni. Sekunde tatu za peponi, halafu ikawa kama maji yamekiamsha hata kilichokuwa kimelala.

Na ng'ambo pale kumbe kuna mtu anakata majani ya mbuzi. Bibi. Bibi yuleyule. Jamani malezi ni kitu, nimesimama kwenye maji ya magoti na boksa, mikono yote miwili iko kazini, lakini nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Toka majini! Na usijikune!"

Akanipeleka mpaka jikoni kwake, majivu ya baridi yapo kwenye mafiga, akachota akaanza kunipaka mgongo mzima huku anayakung'uta na manyoya yake. Nikaanza kupata nafuu, nikasema Mungu mkubwa. Mwalimu akaingia.

"Bibi, mjomba kasema wewe mzee, unaogopa kila kitu."

Mkono ukasimama. Majivu yako hewani. Mshikaji kaacha kutafuna. Kuku tu ndo alikuwa anaongea.

"Kasema hivyo?"

Nikainamisha kichwa. Bibi akaendelea kunipaka, tena akamalizia mgongo wote hakuacha sehemu, ila uzito wa mkono haukuwa uleule.

Mengine mepesi. Shati na suruali dada kavifukia, duka la dawa nikapewa vidonge vya mzio, dada kacheka mpaka kakaa chini. Nimesoma kumbe kile kinachowasha kwenye yale manyoya ni protini inaitwa myukunaini, na mbegu zake zina levodopa, dawa wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, heshima yake lakini mimi na yeye basi. Simba watoto walimtengeneza wenyewe jioni, Mwalimu kabandika zile nywele kavu za mahindi, kapendeza kuliko ningemtengeneza mimi. Pembeni yake kachora na mtu wa kijivu, kampaka majivu ya kweli juu ya gundi, kaninyima suruali. Iko ukutani sebuleni kwa dada, kila mgeni anaoneshwa.

Sasa nimeona jana mshikaji kamalizia stori yake kwa kusema "na taulo langu hajarudisha mpaka leo". Ndugu yangu, nimelirudisha. Liko kwenye begi lako la mpira, zipu ya pembeni. Nimelikunja vizuri.