KLR650 ya zamani: kabla ya kuongeza nguvu, tafuta iliyopotea

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, ukishaipita Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kuupanda mlima Kitonga. Malori yenye matela yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, moshi mweusi umetanda juu ya lami, na wewe uko nyuma yake na pikipiki yenye mabegi pembeni na tanki la lita 23 lililojaa. Kona inaisha, barabara inanyooka kidogo, mbele kweupe. Unashusha gia, unafungua mafuta mpaka mwisho, injini inanguruma, lakini mwendo hauji. Unalipita lori nusu, kisha kona nyingine inaonekana.

Ni mahali kama hapo ambapo mwenye Kawasaki KLR650 ya zamani huamua kwamba pikipiki yake haina nguvu na inahitaji kuongezewa. Mimi ninayo ya mwaka 2004, na uamuzi huo nimeufanya zaidi ya mara moja. Mara nyingine ulikuwa sahihi. Mara nyingine nilitupa pesa, na mara moja niliifanya pikipiki iwe mbaya kuliko nilivyoinunua.

Wanaotetea kuongeza nguvu wana hoja nzito, wala si watoto wanaotaka kelele. Injini hii ilitoka mwaka 1987 na haikubadilika sana hadi uzalishaji uliposimama 2018. Iliporudi kwa toleo la 2022 ndipo ikapewa mfumo wa kupuliza petroli badala ya kabureta. Ni silinda moja ya cc 651, pistoni ya milimita 100, gia tano. Kwenye gurudumu la nyuma inatoa kama nguvu za farasi 36, na hizo zinapimwa karibu na usawa wa bahari. Pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta ina kilo zinazokaribia 200. Ongeza mtu, hema, vyombo na spea, kisha ujaribu kulipita lori Kitonga. Anayesema nguvu ni anasa hajawahi kukwama katikati ya kulipita lori. Pale nguvu ni usalama.

Hoja hiyo naikubali yote. Ninachobishana nacho ni hatua inayofuata, ile ya kukimbilia vifaa.

Kuna jambo ambalo ushauri mwingi tunaousoma kutoka Marekani hauligusi, kwa sababu wengi wa wanaoutoa wanaendesha mabondeni: mwinuko. Hewa ya Iringa, mita 1,600 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Ukifika Kitulo, mita 2,600 na zaidi, upungufu unakaribia robo. Injini isiyo na tabochaja hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, hivyo farasi 36 wa Dar wanabaki kama 30 Iringa na 28 Kitulo. Hawajaibwa na fundi wala uzee. Hewa ya kuwalisha haipo.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliambiwa kwamba KLR hutoka kiwandani ikiwa na kiu ya petroli kwa sababu ya sheria za moshi za Marekani, na kwamba dawa yake ni jeti kubwa zaidi, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Kwa mtu aliye pwani, maneno hayo yana ukweli. Nikaagiza jeti iliyozidi ya kiwandani kwa namba kadhaa, nikaifunga nikiwa Dar, na hadi Morogoro nilikuwa na furaha. Pikipiki ilivuta vizuri kuliko siku zote. Kitonga ilipanda kwa kusitasita. Mafinga ikaanza kupiga chafya kila nilipofungua mafuta. Nilipofika Njombe, kwenye baridi ile ya jioni, nikafungua plagi kando ya barabara: nyeusi tii, kavu, kama masizi ya koroboi. Petroli ilikuwa ileile ya Dar, hewa ndiyo iliyopungua, na mimi nilikuwa nimeongeza petroli juu ya petroli. Usiku ule nilirudisha jeti ya zamani kwa mwanga wa simu. Asubuhi pikipiki ikaamka na kuondoka kama kawaida.

Kwa hiyo ile kazi ndogo maarufu ya kuinua sindano ya kabureta kwa vipete viwili vyembamba vya chuma ili petroli ipite zaidi, ambayo Wamarekani waliipa jina la senti 22 kwa kuwa hiyo ndiyo bei ya vipete hivyo, nisingeikubali wala kuikataa kwa watu wote. Uko Tanga, Dar au Mtwara na pikipiki yako inasitasita resi ikiwa katikati? Fanya, ni rahisi na inarudishika. Uko Mbeya au Njombe? Mlima umeshakufanyia kazi hiyo bure. Na wewe unayepanda na kushuka kila mwezi, iache kabureta ilivyo, maana ile Keihin ya kiwandani husukumwa na mvuto wa hewa yenyewe na inajirekebisha kidogo kuliko nyingi za mashindano zinazouzwa kwa bei kubwa.

Kukata boksi la kichujio cha hewa ili injini ipumue zaidi nako kuna pande mbili, ila hapa nina upande. Ni kweli tundu likipanuka hewa inaingia kwa wingi. Lakini ukishaacha lami, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye soksi ndani ya buti. Kila tundu unaloongeza ni mlango wa vumbi hilo, na vumbi likipita kwenye kichujio linakuwa msasa ndani ya silinda. Nilichofanya ni kuosha sponji ya kichujio kila safari ya vumbi, kuipaka mafuta yake vizuri na kupaka grisi kwenye ukingo inapokalia. Ekzosi nyepesi nayo inapunguza kilo na kuongeza sauti; nguvu inayokuja nayo ni ndogo, na wanakijiji hawakukuomba sauti hiyo.

Suala la silinda kubwa ndilo linalostahili mizani ya kweli. Kuna pistoni pana kidogo inayoufikisha ujazo kama cc 685. Ni ongezeko la asilimia 5 hivi. Wanaoipinga husema: unashusha kichwa cha injini, unachonga silinda, unalipa usafirishaji na ushuru, yote kwa asilimia 5 ambayo upepo wa mbele tu unaweza kuila. Tena uchongaji wenyewe unataka mashine nzuri na mtu makini, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na ukuta inahesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukimpa mchongaji anayekisia, pistoni itakwama ukiwa katikati ya pori.

Wanaoitetea nao wana jibu ambalo kwa muda mrefu sikulisikiliza. Wengi wao hawakuifunga kwa ajili ya mbio. Matoleo ya 2008, yale yaliyobadilishwa umbo, yalisifika vibaya kwa kula oili hasa kwa mwendo mkubwa, na silinda iliyochongwa upya ikawa ya mviringo kamili, pamoja na ringi mpya, ilikata ulaji ule. Pistoni yenyewe ni nyepesi, hivyo mtetemo nao hupungua. Ukilitazama hivyo, ni matengenezo yaliyokuja na nyongeza. Injini yako inapolazimika kuchongwa kwa sababu imechoka, tofauti ya gharama kati ya pistoni ya kawaida na hiyo kubwa si ya kukunyima usingizi. Lakini kuifungua injini iliyo salama, isiyokula oili, kwa sababu ya asilimia 5 peke yake, hapana. Sioni faida yake.

Kabla ya yote hayo, pikipiki ya miaka 20 imepoteza nguvu nyingi kuliko zile unazotaka kuinunulia. Fundi mmoja wa Moshi alinifundisha hili bila hotuba. Nililalamika kwamba KLR haivuti kuvuka resi ya katikati. Alifungua kifuniko cha kabureta, akatoa mpira mwembamba mweusi unaonyanyua kile kipande kinachoteleza kufungua njia ya hewa, akatoka nao nje na kuunyoosha taratibu mbele ya jua. Nuru ilipenya mahali pamoja, tundu dogo kama la sindano, kwenye mkunjo. Kwa tundu lile mvuto wa hewa unavuja, kipande hakinyanyuki hadi juu, na injini inanyimwa nusu ya koo lake. Mpira mpya ulifungwa siku hiyohiyo, na ile pikipiki niliyokuwa nikitaka kuiongezea nguvu ikazirudisha zake.

Tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya vali, ni hivyo hivyo. Vali za kuingiza zinataka nafasi ya milimita 0.10 hadi 0.20, za kutoa 0.15 hadi 0.25, na kadiri kilomita zinavyokwenda nafasi huelekea kubana, si kulegea. Vali iliyobana haipigi kelele, kwa hiyo mwenye pikipiki hujipongeza kwamba injini imetulia, kumbe mgandamizo unavuja. Na hapa jihadhari na kipimo. Fundi akikupimia mgandamizo kwa geji ya kawaida na kukuambia injini imekufa, usimwamini haraka. KLR ina kifaa kwenye shafti ya vali za kutoa kinachoachia mgandamizo wakati wa kuwasha, hivyo geji husoma chini hata injini ikiwa nzima. Kipimo cha kweli ni kujaza hewa ya kompresa kwenye silinda, pistoni ikiwa juu, kisha kusikiliza inakovujia. Ukisikia kwenye ekzosi, ni vali za kutoa. Kwenye kabureta, ni za kuingiza. Ukiweka sikio kwenye tundu la kujazia oili na kusikia upepo mwingi, hapo ni ringi, na habari ya kuchonga imeanza.

Yapo na madogo yasiyohitaji maelezo: breki ya nyuma inayosugua, cheni kavu, klachi inayoteleza, kebo ya choki isiyorudi hadi mwisho. Na kipo kimoja kikubwa ambacho si cha nguvu lakini lazima kitangulie. Ndani ya injini mna cheni inayozungusha vipande vya kupunguza mtetemo, na cheni hiyo hukazwa na kidude kidogo chenye springi. Wamarekani wenyewe wamekipa jina la utani ambalo maana yake ni hiyohiyo, kidude. Katika injini za 1987 hadi 2007 kilijulikana kwa kuvunjika, na springi yake hulegea mpaka haivuti kitu. Vipande vya chuma vikidondoka ndani, hakuna pistoni kubwa itakayokuokoa. Anayeanza na ekzosi na kabureta huku hajakigusa hiki, anajenga ghorofa juu ya msingi asioukagua.

Injini ikishakuwa nzima na bado Kitonga inakutesa, anza na spoketi. Ya mbele ina meno 15, ya nyuma 43. Badilisha ya mbele tu iwe ya meno 14 na nguvu inayofika chini inaongezeka kwa asilimia 7 katika kila gia, zaidi ya ujazo unaopatikana kwa kuchonga silinda. Gharama yake ni ya kibati na nusu saa ya kazi. Unacholipa ni kwamba kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa injini inazunguka zaidi kwa kiasi hichohicho, na safari ya Chalinze hadi Morogoro inachosha mikono. Kwa mtu wa lami kila siku, hiyo ni hasara halisi. Kwangu mimi, ninayetumia pikipiki hii kwa milima na changarawe, meno 14 hayajatoka tangu yalipoingia.

Upande wa springi sitaacha kuutaja, maana kwenye barabara mbovu huzuiwi na injini, unazuiwa na woga. Shokapu za mbele za KLR ya kwanza ni nyembamba, milimita 38, na laini. Ukishika breki pua inazama. Nilikata vipande viwili vya bomba la PVC, nikavisawazisha msasa na kuviweka juu ya springi kuzikaza. Baadaye nikanunua springi ngumu zinazolingana na uzito wangu na mizigo. Njia ya kutoka Matamba kupanda Kitulo, zile kona zinazorudiana moja juu ya nyingine, naipita sasa kwa haraka kuliko zamani, na injini ni ileile.

Wapo watakaosema uza, nunua yenye mfumo mpya wa kupuliza petroli, inajirekebisha yenyewe kwa mwinuko. Ni kweli, na anayemudu sina la kumwambia. Ila kabureta yangu imewahi kufunguliwa na fundi wa bodaboda Makete kwa bisibisi na kopo la petroli, ikawaka.

Kwa sasa injini yangu inakula oili kama robo lita kwa kila kilomita 1,000. Naiandika kwenye daftari kila nikijaza. Ikifika nusu lita, silinda itashushwa na kuchongwa, na siku hiyo nitaagiza pistoni kubwa.