Ukipanda Lantana, Usiiache Izae

Asubuhi nikishafagia uwa, husimama kidogo mbele ya lantana yangu iliyoegemea ukuta wa mbele, hapa Fuoni, Unguja. Shada moja la maua yake halizidi kizibo cha chupa, lakini litazame kwa karibu: vijiua vya katikati vilivyofunguka leo ni vya manjano, vinavyofuatia vina rangi ya chungwa, na vya ukingoni vimeshakuwa vyekundu. Kipepeo akitua, huingiza ulimi wake kwenye vile vya manjano, kimoja baada ya kimoja, vyekundu akavipita. Ua likishachavuliwa hubadilika rangi, na mdudu anajua kwamba pale utamu umekwisha.

Basi mie naipenda lantana, wala siungani na wanaotaka ing'olewe katika kila bustani. Ila nina sharti moja, nalo silegezi: usiiache izae.

Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Ilisambazwa duniani hasa kwa ajili ya uzuri wa maua, kisha ikatoka bustanini. Matunda yake madogo huanza kijani, yakiiva huwa meusi yenye kung'aa, na ndege huyapenda. Wanakula kwako, wanakwenda kuangusha mbegu mbali. Leo imo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe wageni 100 wanaoharibu zaidi duniani. Sisi Waunguja hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mgeni wa namna hii. Kunguru waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, na mpaka leo wanakwapua vifaranga vyetu na kumaliza makinda ya ndege wengine.

Huku kwenye udongo mzito pengine mtu ataimudu kwa jembe. Hofu yangu ni maweni, kusini na mashariki, ambako udongo ni wa kuokoteza baina ya mawe na watu wanategemea vichaka kwa kuni na malisho. Lantana haisumbuliwi na jua kali, ukame wala upepo wa chumvi. Ikishika pahala hufunga kichaka chenye miiba, na chini yake mimea mingine haioti vizuri. Kwa hiyo wenye nyumba na hoteli za jirani na msitu wa Jozani, kwa maoni yangu, wasiipande kabisa.

Jambo la pili ni mifugo, na hili nimejifunza kwa kosa langu. Mwaka mmoja niliipogoa, nikayatupa matawi nje ya ukuta. Sikufikiri. Mbuzi wa Bi mkubwa jirani yangu aliyala yakiwa yameshanyauka. Baada ya siku chache mbuzi hataki kula, anakimbia jua, macho yamegeuka manjano, ngozi ya masikio na pua inachubuka. Daktari wa mifugo alituambia kwamba majani yale yana sumu inayoharibu ini, hata yakikauka, na ini likishaharibika ngozi haistahamili jua. Alitibiwa na kufungiwa kivulini, lakini hakupona. Nilimlipa Bi mkubwa mbuzi wake, naye akanisamehe, ila kila nikishika mkasi namkumbuka yule mnyama alivyojibanza chini ya upenu.

Kuitunza si kazi ngumu. Kata kijiti kisicho na ua, urefu wa shibiri moja, kichomeke ardhini masika yakianza, nacho kitashika. Ipe jua la kutwa; kivulini hutoa majani matupu na kushika ukungu mweupe. Maji mwagilia mara kwa mara wiki za mwanzo tu. Ikishakomaa, hata kwenye joto la kaskazi mara moja kwa wiki yatosha, mradi uimwagilie mpaka udongo ulowe chini. Samadi usizidishe, itanenepa isichanue. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usiionee huruma: kabla ya masika mie huikata mpaka ibaki futi moja na nusu. Vaa glavu, maana majani yake yanakwaruza kama msasa na wengine huwawasha.

Kazi hasa ni ile ya kila wiki mbili. Shada likishapukutisha maua, likate hapo hapo, kabla vitunda havijawa vyeusi. Mti utachanua upya, na ndege hatapata cha kubeba. Vitunda vya kijani vina sumu, kwa hiyo watoto wasivichezee. Vyote navitia kwenye ndoo, navianika pamoja na matawi ndani ya uwa, kisha navichoma. Nje ya ukuta haitoki hata pingili moja.

Wiki iliyopita shoga yangu wa Bwejuu alikuja kuniomba kijiti akapande mbele ya nyumba yake. Anafuga mbuzi, na nyuma ya nyumba yake vichaka vinaanzia hapo hapo. Nilimnyima. Nikamchimbulia mche wa asumini badala yake; alinuna kidogo, lakini aliuchukua.