Toeni sabufa kwenye kona

Pita Kirumba, Mabatini au Igoma hapa Mwanza Jumamosi jioni usikilize kinachotoka madirishani. Nyimbo ni tofauti, besi ni ileile: mvumo mmoja mzito unaotetemesha vioo vya luva, na gitaa la solo limezama humo kana kwamba halikupigwa. Mpiga besi kapanda na kushuka kwenye kamba zake wimbo mzima, sebuleni kwako inasikika noti moja. Inauma, maana spika zenyewe mara nyingi hazina kosa.

Kosa ni kona. Sebule zetu zinafanana: kabati la TV ukuta wa mbele, sabufa imesukumwa pembeni ili isizuie njia, makochi yameegemezwa kwenye kuta zilizobaki. Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, tofali za saruji, marumaru chini. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta zilizoachana mita 4, kwenda na kurudi mita 8, wimbi la Hz 43 (mitetemo 43 kwa sekunde) linagonga, linarudi na kujiongezea nguvu. Upande wa mita 5, ni Hz 34. Sasa kamba nene ya gitaa la besi, ile ya E, ikipigwa wazi hutoa Hz 41. Kila mpigaji akirudi hapo chumba kinavimba, na akihama noti zinakonda. Na sehemu ambako wimbi hilo linabana zaidi ni palepale ukutani, ulikoweka sabufa na ulikoegemeza kichwa. Juu ya hapo, sakafu na kila ukuta wa karibu unaweza kuongeza hadi desibeli 6. Halafu mtu anasifia sabufa kwamba ina nguvu!

Jamani, isogezeni. Anza na ukuta wa mbele, karibu na katikati ya upana, ubavuni mwa kabati. Katikati ya zile mita 4 msukumo wa Hz 43 unakaribia sifuri, hivyo sabufa ikiwa hapo hailiamshi sana wimbi hilo. Ukitaka uhakika zaidi, beba sabufa uiweke juu ya kochi unalokalia, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti nyingi, kisha chuchumaa upite kando ya kuta, sikio likiwa usawa wa spika ya sabufa. Pale ambapo noti zote zina uzito mmoja, weka alama ya chaki. Hapo ndipo sabufa inapokaa, kwa sababu njia ya sauti kutoka kochi hadi kwenye chaki ni sawa na kutoka kwenye chaki hadi kochi. Wengi hukosea wakachagua sehemu yenye kishindo kikubwa. Tafuta usawa. Kochi nalo livute mbele hata sentimita 50, itasaidia kidogo.

Na godoro mnalobandika ukutani halizuii besi. Ili kulimeza wimbi, kitu kinahitaji unene unaokaribia robo yake, na robo ya wimbi la Hz 43 ni mita 2. Sponji ya inchi 4 inameza sauti za juu tu, mwishowe muziki unazidi kuwa mzito.

Baada ya mahali ndipo uguse vitufe. Krosova, yaani kitufe kinachoamua besi ya sabufa iishie wapi na spika zianzie wapi, ifuate spika za mbele, siyo hamu yako. Spika za inchi 6 na nusu zenye tundu la hewa hushuka vizuri hadi karibu Hz 60. Kama amplifaya yako haizikatii besi, weka sabufa Hz 50 hadi 60. Ukipandisha hadi 120, sabufa na spika zinapiga eneo moja, na mwimbaji wa kiume anasikika kama anaimbia ndani ya pipa. Amplifaya ikiwa na krosova yake, iweke Hz 80, na ile ya nyuma ya sabufa ifungue hadi mwisho, la sivyo sauti inakatwa mara mbili na shimo linabaki katikati. Spika ndogo za inchi 4 zinahitaji Hz 100 au zaidi, na huko juu sikio linaanza kujua sauti inatoka wapi, kwa hiyo sabufa isikae mbali nazo.

Kabla ya fezi, swichi ya kuifanya sabufa isukume hewa pamoja na spika, hakiki waya. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika iliyochomolewa kwenye amplifaya, chanya kwa nyekundu: koni itoke nje, kwa spika zote mbili. Kisha piga mlio wa Hz 80 kutoka kwenye simu, au mlio wa pale ulipoweka krosova. Wewe kaa kwenye kochi, mdogo wako abadilishe swichi ya fezi kati ya 0 na 180. Chagua upande wenye sauti kubwa zaidi hapo ulipokaa. Upande wenye sauti ndogo, sabufa na spika zinafutana.

Sauti ya sabufa anzia sifuri. Pandisha taratibu mpaka uitambue, kisha rudisha nyuma kidogo. Ukiizima, wimbo upoteze sakafu. Ukiiwasha, mgeni asiweze kuonyesha kidole besi inakotoka.

Nakubali, seti nyingi za madukani hazina krosova wala fezi ya kubadilisha. Hata hivyo zina kitufe cha besi, na zinabebeka. Sherehe ya uani ni habari nyingine, kule hakuna kuta.

Fanya haya yote madirisha yakiwa kama unavyosikiliza siku zote. Alasiri upepo wa ziwa ukiwa ndani na madirisha wazi, besi nyingi hutokea nje. Usiku ukifunga inarudi, kwa hiyo shusha sabufa kidogo, jirani naye analala.