Kabla ya Kuuliza Wapi, Uliza Maji Yanajaa Saa Ngapi

Orodha za "sehemu nzuri za kupiga kafi Afrika Mashariki" zimejaa mtandaoni. Utakuta picha za kuvutia, majina ya mahali, bei na namba ya kuweka nafasi. Saa huikuti. Unaambiwa nenda Mida kule Watamu, nenda Manda kule Lamu, nenda Chwaka kule Unguja, kana kwamba bahari imekaa pale ikikungoja umalize chai. Msimamo wangu ni kwamba katika pwani yetu njia ya mtumbwi au kayaki haikamiliki bila saa yake. Ukifika nje ya saa hiyo, njia hakuna, kuna tope.

Wa pwani wanivumilie kidogo nieleze wanayoyajua tangu utotoni. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila safari huchukua saa sita na ushei, ndiyo maana kila kukicha saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake hufika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi kwa kishindo wala hayashuki kwa kishindo. Hadi hapo ni jiografia ya shule. Jambo lisiloandikwa kwenye vipeperushi ni kwamba kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa kabisa mnamo saa kumi na ushei, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu huwa kinyume chake.

Sasa tazama ratiba za wauza safari. Kifungua kinywa saa mbili, kuondoka saa tatu. Siku za bamvua, saa tatu ni wakati maji yanakimbia kutoka. Niliwahi kuingia kwenye mikoko na kundi moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, na kijana aliyetuongoza akawa anatazama simu yake zaidi ya maji. Haikupita nusu saa tukapwelewa. Kayaki zilikaa kwenye tope zimeinama upande, na aliyeshuka kusukuma alizama hadi magoti. Mizizi ya mikoko imevaa chaza wenye makali ya wembe, kwa hiyo kila aliyejishikilia alitoa damu. Mizizi ya michu, aina mojawapo ya mikoko, inayochomoza juu kupumua ilituchoma nyayo. Visamaki vya topeni vikawa vinarukaruka mbele yetu kwa raha zao, na kaa wadogo wakiinua gando moja kubwa na kulishusha. Kijana akawa anasema, "Maji yanarudi sasa hivi." Yalirudi mchana, jua la utosi. Pesa zetu hazikurudi.

Ukiwa na saa sawasawa, hakuna matembezi nitakayoyaweka juu ya ile njia ya Takwa. Unatoka mji wa Lamu, unavuka mkondo uliopo kati ya Lamu na Manda, kisha unaufuata mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani ya kisiwa cha Manda hadi karibu kukigawa vipande viwili. Mikoko inakufunga kulia na kushoto. Kelele za injini za Lamu zinakatika ghafla, na kinachosikika ni matone yanayodondoka kutoka kwenye kafi na ndege mdiria anayepiga mbizi mahali usipopaona. Mwisho wa maji ndiko iliko Takwa, mji uliokaliwa tangu karne ya 15 na kuhamwa karne ya 17. Kuna msikiti wa Ijumaa wenye nguzo imesimama juu ya kibla, kuna kaburi la nguzo, na mibuyu imeota katikati ya nyumba. Wako wasemao visima viligeuka chumvi, wako wasemao ni ugomvi na Pate, kisiwa jirani. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, huja kuzuru hapa, kwa kuwa wazee wao wanahesabiwa kuwa walitoka Takwa.

Hesabu yake ni hii. Ingia maji yakiwa bado yanajaa, yakusukume. Fika yakikaribia kukaa, funga chombo, tembea magofuni, na kama miguu ina nguvu vuka hadi upande wa bahari kuu uone matuta ya mchanga. Maji yakianza kugeuka, uwe umeshika kafi. Atakayekaa kupiga picha moja zaidi atalala na mbu. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, ongeza tahadhari ya kurudi, maana maji yanapotoka huku upepo unaingia, mawimbi kwenye ule mkondo hukaza na kusimama, na kayaki fupi huyumbishwa vibaya. Mimi hupendelea maleleji, yaani upepo wa kaskazi umeisha na kusi haijashika, au asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, nauacha makusudi ingawa wengi huusifia. Ndiko zinakopita boti za Pate na Faza, na zikija kwa kasi zinainua maji hadi ukutane na mikoko kwa uso.

Mida, karibu na Watamu, ina tabia yake. Ni bwawa kubwa la bahari lenye mdomo mwembamba, ndani ya hifadhi zilizotangazwa mwaka 1968, na maji yote yanayoingia ndani hulazimika kutoka kwa mdomo ule ule. Wakati wa kupwa, hasa bamvua, mkondo wa pale mdomoni hauna mjadala na mtu mwenye kafi. Ukae ndani. Na ukae ndani maji yakianza kujaa, kwa sababu ndipo ndege wanapokusanyika. Maji yakiwa nje, wametawanyika kwenye tope pana wakidonoa. Yakirudi, nafasi inapungua na wanasogezwa kidogo kidogo kuelekea kwenye mikoko, sululu, yangeyange, na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo wa mwisho huzaliwa mashimoni kwenye mchanga, huko pwani za Oman na Ghuba, kisha anashuka kwetu. Amefuata njia za majahazi, bila tanga. Ukimsogelea mpaka akaruka, umemnyima mlo na umejinyima picha. Acha kafi, kayaki ielee, atakuja mwenyewe.

Nikiwa bara nako, naona saa ndiyo inayotawala, ila haitoki kwa mwezi. Jinja, Uganda, chini ya mabwawa ya umeme, kiasi cha maji ya Nile hutegemea kinachoachiliwa. Maporomoko ya Bujagali yenyewe yalizama bwawa lilipokamilika mwaka 2012, na bwawa la Isimba likafuata 2019 likazamisha mengine, kwa hiyo orodha nyingi bado zinauza maji yaliyokwisha kufunikwa. Ziwa Kivu kati ya Karongi na Rubavu, Rwanda, ni la asubuhi. Upepo huamka mchana. Lakini ukiweza, ngoja magharibi uone mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa lile, mitatu mitatu imefungwa pamoja, ikitoka huku wenyewe wakiimba. Momella Ndogo, hifadhi ya Arusha, unapiga kafi na askari mwenye bunduki kwa ajili ya viboko na nyati, na mlima Meru umesimama mbele. Pazuri, bei yake ya wageni. Duluti, pale Tengeru, ni rahisi na ni dogo. Utalizunguka ukamaliza ukiwa bado na hamu. Rufiji sikushauri kwa kayaki hata kidogo. Mamba na viboko wa mto ule hawasomi vipeperushi.

Kuna wanaoniuliza kama kayaki ya plastiki ni bora kuliko mtumbwi. Kwa mtu anayejifunza, ni bora, haiongopi, na ukianguka unapanda tena. Ngalawa ni nzuri wazi wazi baharini, lakini matengo yake, yale mabawa ya mti ya pembeni, yatanasa kwenye mikoko kila kona. Mtumbwi mwembamba na upondo, mti mrefu wa kusukumia, ndio hasa uliozoea tope, ila mwenye kuushika awe ni mtu wa pale. Hapo ndipo ninapotofautiana na wauza safari wengi. Wanampa kijana kozi ya kuzungumza na wageni, wanamvalisha fulana yenye nembo, na mvuvi anayejua kila shimo la Manda anabaki kuuza samaki gatini.

Siku moja nilimuuliza mvuvi mmoja wa namna hiyo, ametua na nyavu zake, kama naweza kuingia Takwa alasiri ile.

"Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

Alimaanisha siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Nikamwambia sijui.

"Leo mwezi kumi na saba. Enda, lakini uwe nje kabla ya magharibi."

Hakufungua simu, hakuangalia jedwali. Mtu wa namna hiyo alipwe kama kiongozi wa safari, tena kwanza, jaketi za kuokolea maisha zinunuliwe na mwenye kampuni, na kwenye kila tangazo, kabla ya bei, kuandikwe maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Ratiba ya kifungua kinywa wapange baada ya hapo.