Chupa ya soda hurudi dukani, ya mvinyo hubaki ufuoni

Ukinunua soda ya chupa Majengo au Likoni, hapa Mombasa, mwenye duka huuliza kwanza: "Chupa unayo?" Kama huna, unaacha pesa ya chupa mpaka uirudishe. Ndiyo maana ni nadra kuikuta chupa ya soda imetupwa kwenye mchanga wa ufuo wa Pirates. Zinazokata miguu ya watoto pale ni za mvinyo na pombe kali, zisizo na wa kuzidai.

Je, serikali ilipe watu wazikusanye? California, Marekani, ilipitisha sheria ya kuhimiza ukusanyaji wa vyombo vya vinywaji mwaka 1986. Mnywaji hutoa senti 5 au 10 za dola kwa kila chupa au kopo, akarudishiwa akilipeleka kituoni. Juu ya hapo jimbo limekuwa likilipa nyongeza ili kioo kifike kiwandani kikiwa safi. Hata huko, mvinyo na pombe kali ziliingizwa katika sheria hiyo 2024, miaka 38 baadaye.

Wanaotaka serikali ilipe nyongeza kama hiyo wana hoja nzito. Mwokota taka anayesukuma mkokoteni kutoka Bamburi atachagua chuma na plastiki. Chupa ni nzito, bei yake haba, na ikivunjika inamchana mikono. Bila nyongeza, hesabu haimlipi. Kiwanda nacho kinafaidika: kioo kikuukuu huyeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga na magadi, tena hurudiwa mara nyingi bila kupungua ubora.

Lakini pesa ya serikali ni ya nani? Muuza mahamri asiyegusa pombe atalipia chupa za wengine kupitia kodi, na hilo mimi silikubali. Udanganyifu nao upo: California wamekamatwa watu waliovusha shehena za vyombo kutoka Arizona na Nevada, majimbo jirani yasiyotoza pesa hiyo ya chombo. Ukilipa kwa kilo, mawe yataingia guniani. Ukilipa kwa idadi, chupa moja itahesabiwa mara mbili. Kwetu kuna hatari kubwa zaidi. Chupa nzima ya pombe kali, yenye lebo yake, ina mnunuzi tayari: mtengeneza pombe bandia.

Kwa hiyo naona amana, yaani pesa ya chupa, itoke kwa mnywaji, kama ya soda, na wazalishaji na waagizaji waisimamie. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inawatwika jukumu la bidhaa zao zikishageuka taka. Chupa ihesabiwe, ivunjwe papo hapo mbele ya aliyeileta, alipwe. Kaunti, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi uzoaji taka, igharamie usafiri na kutenganisha rangi tu, maana kioo cha kijani kikiingia katika cheupe hakitoi tena chupa nyeupe.

Kituo cha kwanza kiwe Pirates, na kiwe wazi Jumapili jioni, watu wanapokunja mikeka kurudi makwao.