Wa mwisho aanze kuchagua: Detroit imenifundisha kitu kuhusu Turiani

Kazini kwetu kuna mzee mmoja, tunafunga naye viti vya magari zamu ya usiku, ana daftari lake la kava la bluu limelainika kwa vidole na mafuta ya mashine, hilo daftari ukiligusa bila ruhusa mmekosana. Ndani kaandika namba 1 mpaka 32, kila namba na jina la kijana pembeni, kwa penseli ili aweze kufuta. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne kila tukikaa kula analifungua, anafuta jina, anapuliza yale mabaki ya ufutio, anaandika jingine. Msimu umeisha, hakuna mechi ya ligi hata moja mpaka mwezi wa tisa, lakini mzee ndo kwanza anaanza msimu wake.

Nilifika huku Detroit 2013 na miaka yangu ya mwanzo nilikuwa simuelewi kabisa. Timu yenyewe ni Lions, ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa helmeti, timu ambayo 2008 ilicheza mechi 16 ikafungwa zote 16, ubingwa wa mwisho 1957. Mi nimetoka kwenye nchi ambayo ligi ikiisha watu tunasubiri video ya airport, nani kashuka, kavalishwa skafu ya rangi gani, matarumbeta, bodaboda msafara mpaka makao makuu, ndo usajili huo. Sasa mtu mzima na penseli anapanga majina ya wanafunzi wa chuo, nilimuona kama anapoteza muda. Leo nakaa naye tunagombania hiyo penseli, na kila tukigombania nakumbuka kwetu Turiani, Morogoro, Tanzania, ndo maana naandika.

Niwaeleze kwanza inavyokwenda maana wengi mkisikia drafti mnawaza ile ya kusukuma kete barazani. Huku mwisho wa mwezi wa pili vijana wanaomaliza vyuo wanaitwa Indianapolis wanapimwa kila kitu, wanakimbia yadi 40 kwa saa ya kuhesabia, wanaruka, wanapimwa mpaka urefu wa kiganja. Mwezi wa tatu soko linafunguliwa, waliomaliza mikataba wanaenda wanakotaka. Halafu mwezi wa nne ndo drafti yenyewe, raundi saba, siku tatu, timu 32 zinachagua vijana kwa zamu, na hapa ndo penye utamu wote, ILIYOSHIKA MKIA NDO INACHAGUA KWANZA. Bingwa anachagua wa mwisho. Juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara, 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, uwe na tajiri wa mafuta au tajiri wa nini hupiti hapo, kwa hiyo ukimlipa mmoja sana lazima mwingine umuache. Na ukinyang'anywa wachezaji wengi sokoni mwezi wa tatu kuliko wewe uliowachukua, ligi inaweza kukuongezea zamu mwaka unaofuata kama fidia. Hicho cha fidia nilipoelezwa mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nzima, wallahi.

Maana mi ni mtoto wa Turiani, nimekulia kwenye harufu ya miwa ikichomwa. Timu yetu ya kiwanda cha sukari, Mtibwa Sugar, ilichukua ubingwa wa Bara 1999 na 2000, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wamepanda matela ya kubebea miwa wanaimba, baba yangu mtu wa kiwandani hakuwa mtu wa kucheka ovyo, siku ile alinibeba mabegani. Tangu mwaka 2000 mpaka leo hakuna timu nje ya Simba, Yanga na Azam iliyobeba ule ubingwa, na Azam yenyewe mara moja tu, 2014. Hesabu wewe mwenyewe ni miaka mingapi. Sio kwamba Turiani tuliacha kuzaa wachezaji jamani! 2016 kwenye dirisha moja Simba walichukua Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim, wote watatu kutoka Mtibwa, kiungo kizima kimehama. Baadaye Dickson Job na Kibwana Shomari waliolelewa pale pale wakaenda Yanga, wakawa mabingwa na timu ya taifa juu. Nawapongeza vijana, nikiwa mimi ningeenda pia, na siwalaumu Simba wala Yanga maana sheria inaruhusu na kila mtu anatafuta ushindi. Ninachouliza ni kwamba yule aliyemtoa mtoto kwenye vumbi akamlea mpaka akajua kukaba, kesho yake anabaki na nini? Anabaki na kuanza upya, na mwaka ujao anachukuliwa tena. Mtibwa msimu wa 2023/24 ikashuka daraja. Imerudi, sawa, lakini iliposhuka pale nilikuwa kwenye foleni ya kuingia kazini nasoma simu nikashindwa hata kumjibu mzee aliponisalimia.

Sasa tazameni Lions walivyofanya, maana hata huku wakubwa wanachukua. Walikuwa na kotabeki wao, yule mrusha mpira mkuu wa timu, Matthew Stafford, walimpata 2009 kwa sababu ya kufungwa zile mechi 16, kijana mzuri, kakaa miaka 12 hajawahi kushinda mechi ya mtoano hata moja. Januari 2021 akaomba aondoke, Rams wa Los Angeles wakamtaka. Huyu ndo staa wenu, mkubwa anamtaka, ingekuwa kwetu story imeishia hapo. Lakini Rams ilibidi watoe kotabeki wao Jared Goff, na zamu ya raundi ya tatu ya 2021, na zamu za raundi ya kwanza za miaka miwili, 2022 na 2023. Yaani aliyetaka ubingwa leo kalipa kwa kesho yake. Na akaupata kweli, Rams walibeba Super Bowl, ile fainali ya ubingwa, msimu ule ule, na sisi huku Detroit mwaka huo tumeshinda mechi 3 tu.

Mzee hakutetereka. Aliniambia mavuno hayajafika. Ile zamu ya 2022 ikawa ya 32 kwa sababu Rams ni mabingwa, Lions wakaiunganisha na nyingine wakapanda mpaka ya 12 wakamchukua Jameson Williams. Mwaka uliofuata Rams wakaanguka, ile zamu yao ikawa ya 6, tamu kabisa, na hapo Brad Holmes anayepanga hii timu akafanya kitu kilichonifundisha zaidi, hakuila. Akashuka mpaka ya 12 akapewa na ya 34 juu, akamchukua Jahmyr Gibbs kwenye ya 12 na Sam LaPorta kwenye ya 34. Watu walimtukana sana usiku ule, mpaka redioni, kwamba mkimbiaji wa kubeba mpira kama Gibbs hachaguliwi mapema hivyo. Gibbs yule leo akishika mpira uwanja mzima unasimama.

Na wakati huo huo wanaokota wengine chini, Amon-Ra St. Brown walimpata raundi ya nne 2021, zamu ya 112, wapokeaji, wale wa kudaka mpira, 16 walichaguliwa kabla yake na anawajua wote kwa majina. Mwaka ule ule timu imecheza mechi 11 bila ushindi, sare moja tu, kocha Dan Campbell hakufukuzwa. Mwaka unaofuata wakaanza kwa kushinda 1 kufungwa 6, hakufukuzwa. Mi kila wiki nilikuwa nasubiri nisikie ameondolewa kwa sababu ndo nilichozoea, kwetu sare tatu mfululizo kocha anasoma barua ya kusitishiwa mkataba kwa makubaliano ya pande zote. Huku tajiri alivumilia akaangalia mpango. Januari 2024 ratiba ikatuletea nani kwenye mtoano? Rams na Stafford wao, hapa hapa Ford Field, uwanja wetu. Tukashinda 24 kwa 23, ushindi wa kwanza wa mtoano tangu Januari 1992. Yule mzee wa daftari ambaye alikuwa anapelekwa na baba yake kule uwanja wa zamani wa Pontiac akiwa kijana, alikaa chini kwenye ngazi za uwanja akafunika uso kwa kofia, nikakaa pembeni yake tu sikusema kitu.

Lakini nisiwadanganye kwamba zamu ya kwanza yenyewe ni dawa. Hawa hawa Lions 2003, 2004 na 2005 walikuwa na zamu za juu miaka mitatu mfululizo na miaka yote mitatu wakachagua wapokeaji, wakati nyumba nzima inavuja wao wananunua mapazia. Wakaishia kwenye zile mechi 16. Kwa hiyo kupewa nafasi ni kitu kimoja, kukaa chini na kujiuliza timu inahitaji nini baada ya miaka mitatu ni kitu kingine, na hiki cha pili hakihitaji hela ya Marekani, kinahitaji daftari.

Kuna upande wa huku ambao sitaki kabisa uje nyumbani. Kijana wa huku hachagui. Unatoka Florida kwenye joto unaambiwa umechaguliwa Green Bay kwenye barafu, unaenda, miaka minne mkataba wako wa kwanza na mshahara umeshapangwa kwa namba uliyochaguliwa. Na mwisho wa mwezi wa nane ndo pabaya, kila timu ina watu 90 kambini inabidi ibaki na 53. Kijana wa jirani yangu mtaani alikwenda kambi moja hivyo, hakuchaguliwa kwenye drafti lakini alipewa nafasi ya kujaribu, mama yake alishanunua jezi nane za ndugu. Akarudi siku ya Jumanne na begi moja, jezi zile mpaka leo zipo kwenye kabati. Hela haikuwa ya uhakika, mkataba ulikuwa karatasi tu. Kwetu mchezaji akiachwa angalau ana timu ya mkoa jirani itampokea kesho, mpira wetu una ngazi nyingi za kushukia na kupandia, huku nje ya zile timu 32 karibu hakuna kitu, unaanza kutafuta kazi kama yangu. Na Lions na mechi zao 16 hawakushuka daraja, maana huku halipo la kushukia. Hilo nalo siliafiki, timu inayofanya uzembe ishuke.

Na najua mtaniambia drafti haiwezekani Tanzania, na mko sahihi, huku vyuo ndo vinalea, chuo cha Michigan hapo Ann Arbor uwanja wake unachukua watu zaidi ya laki moja, ni chuo hicho! Sisi wanaolea ni klabu zenyewe na walimu wa mitaani wasiolipwa. Ndo maana mi sisemi tuiige drafti, nasema tuige lile wazo lililo ndani yake, kwamba dhaifu ana haki. FIFA ina fidia ya malezi mchezaji akihama nchi kwenda nchi, kwa nini sisi ndani ya ligi yetu tusiwe na yetu yenye meno? Mtoto aliyelelewa Turiani au Kagera miaka minne akichukuliwa na mkubwa, asilimia ifike kule alikolelewa, na ile timu ipewe haki ya kwanza kuazima vijana watatu wa mkubwa huyo kwa msimu, mishahara alipe mkubwa. Bodi ya Ligi wakikaa mezani na TFF, shirikisho letu la soka, hili halihitaji hata dola moja kutoka nje. Simba na Yanga wenyewe watafaidika, maana wakienda kucheza Afrika wanatoka kwenye ligi iliyowakaba kweli, sio mechi ambazo mshindi anajulikana tangu Jumatatu.

Aprili 2024 drafti ilifanyika hapa hapa Detroit, katikati ya mji, siku tatu walikuja watu zaidi ya laki saba na sabini na tano, mpaka siku hiyo ilikuwa haijawahi kutokea. Mzee aliomba ruhusa kazini nami nikaomba, tukasimama toka mchana na daftari lake. Nikampigia kaka yangu kwa video, yeye ndo anafundisha watoto jioni pale karibu na Manungu, uwanja wa Mtibwa, kiwanja kina kichuguu kwenye kona moja, huku saa mbili usiku kwake saa tisa alfajiri na akapokea. Nikamwonyesha lile jukwaa, bahari ya watu, jezi za timu zote 32 zimechanganyika hakuna anayerushiana chupa. Chicago wakaanza, wakamchukua Caleb Williams. Kaka anauliza kila jina, huyu anacheza namba ngapi, huyu katokea wapi. Lions walikuwa na zamu ya 29, wakapanda mpaka ya 24 wakamchukua Terrion Arnold, beki, mzee akafungua daftari akanionyesha, jina lile lile alikuwa ameliandika kwa penseli na safari hii hakulifuta, akanishika bega tukaruka wote na simu mkononi, kaka anaona mawingu na miguu tu.

Tulipotulia Turiani kulishaanza kukucha, nasikia majogoo kwa mbali. Mtibwa wakati huo ilikuwa inaburuza mkia kwenye ligi. Kaka akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, ingekuwa ni huku kwetu, Mtibwa wangepewa zamu ya ngapi?"

Nikamwambia ya kwanza, kaka.

Akasema subiri nichukue kalamu.