Kabla hujaichomoa prosesa ya zamani

Kompyuta yangu haijawahi kuwa yangu peke yangu. Usiku na mchana BOINC, ile programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, huipa vipande vya hesabu za miradi ya sayansi inayotegemea kompyuta za wanaojitolea: Rosetta@home ya protini na Einstein@Home ya nyota, nayo huvikokotoa na kurudisha majibu. Kwa muda mrefu ilitumia prosesa ya AMD Ryzen 5 1600, yenye viini 6 (sehemu zinazokokotoa) na nyuzi 12 (kazi inazoweza kuendesha kwa wakati mmoja). Sasa nimeweka Ryzen 9 5900X, viini 12 na nyuzi 24, na kuna mambo ningependa anayefikiria hatua hiyo ayajue mapema.

Kama ubao mama wako unakubali prosesa mpya zaidi, badilisha prosesa tu na mengine uyaache. Soketi ya AM4, ambamo prosesa hizi hukaa, ilitoka mwaka 2016, na hadi 2022 bado prosesa mpya zilikuwa zinatengenezwa kwa ajili yake. Ila BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, iapdetiwe wakati prosesa ya zamani bado iko mahali pake. Ukisahau, ubao hautaitambua mpya na kompyuta haitawaka.

Kwenye kuchomoa ndiko wengi huumia. Krimu ya joto, inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, ikikauka hushika kama gundi, na prosesa hizi zina pini 1,331 upande wa chini. Ukikivuta kipoza joto kwenda juu kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho hata kama kishikizo cha soketi kimefungwa. Niliiacha mashine ikokotoe nusu saa ili krimu ilainike, nikazima, nikatoa waya wa umeme, kisha nikakizungusha kipoza kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka nikahisi kimeachia. Hata hivyo, nikiwa naifuta ile ya zamani, pini moja ya pembeni ililala. Nilichukua penseli ya kubonyeza, nikatoa risasi yake, nikaivisha ile ncha tupu kwenye pini na kuinyanyua taratibu. Ilisimama.

Mashine ilipowaka nilitegemea kazi 24 zianze kwa mpigo. Chache hazikuanza: zilikaa zikisubiri kumbukumbu, yaani RAM. Nina RAM ya GB 16, na kazi moja ya Rosetta huweza kula zaidi ya GB moja. Kwa hiyo hesabu RAM yako kabla hujahesabu viini. Nyuzi isiyo na kumbukumbu haimsaidii mtafiti yeyote.

Halafu umeme, na hapa sikubaliani na wanaofukuza pointi ambazo BOINC hutoa kwa kazi zilizokokotolewa. Prosesa hii ikiachiwa huru huweza kuvuta wati 142. Kwa saa 24 hizo ni uniti 3.4, bila kuhesabu vifaa vingine. Niliingia kwenye BIOS nikaifungia wati 88. Kasi ilishuka, lakini si kwa kiwango ambacho umeme ulishuka, na feni sasa haipigi kelele usiku. Kipimo changu ni kazi ngapi zinakamilika kwa kila uniti. Anayejitolea kwa miaka hawezi kupuuza bili inayokuja kila mwezi.

Kuisukuma prosesa kupita kasi ya kiwandani ni jambo ninalolipinga kabisa. Mashine iliyosukumwa hivyo huweza kutoa jibu lenye kosa bila kuzima wala kulalamika. Ndiyo maana miradi mingi hutuma kazi ileile kwa kompyuta mbili na kulinganisha majibu. Jibu lako likiwa na kosa hutupwa, na umeme wake umekwenda bure. Mwaka 2010 Einstein@Home ilitangaza pulsa, nyota inayozunguka kwa kasi na kutuma mawimbi ya redio, ambayo ilikuwa haijulikani. Ilionekana katika hesabu zilizofanywa na kompyuta za watu wa kawaida, moja Iowa, Marekani, na nyingine Ujerumani. Najiuliza ingekuwaje kama mojawapo ingekuwa imesukumwa kupita kasi yake kwa ajili ya pointi.

Wenye kadi nzuri ya michoro wana njia nyingine, hasa Folding@home, mradi mwingine wa protini, lakini Rosetta hutegemea prosesa. Mradi huo ulitoka katika maabara ya David Baker, aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka 2024 pamoja na wengine wawili, yeye kwa kubuni protini kwa kompyuta.

Kwa sasa nimeweka kikomo cha kazi 12 kwa wakati mmoja mpaka nipate RAM nyingine. Ile prosesa ya zamani, pini zote zikiwa wima, inasubiri ubao wake.